Foronya ya Uzi Mweusi

Mwezi wa tano theluji ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye makorongo yasiyoona jua, na chini yake kidogo, pale ardhi inapovuja maji, mendi, lile jani la kutilia jibini, ilikuwa imechomoza. Nazdar alipiga magoti kwenye tope. Akashika shina, akalikata juu ya mzizi kama mama yake alivyomfundisha, ili mmea uchipue tena mwakani. Harufu ikampanda puani, kama giligilani iliyochanganywa na shamari na kitu kingine kikali ambacho hakuna aliyewahi kukipa jina. Akavuta pumzi, akalisukuma lile shina guniani.

"Haya, nenda ukafanye kazi," akaliambia.

Alikuwa na miaka sabini na ushei, na magoti yake yalikuwa yakilia kila akiinuka. Wanawake wenzake walikuwa wamekwisha kushuka na mafungu yao ya kutilia jibini. Alibaki yeye, na Besê jirani yake, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe huko chini akimsubiri kwa shingo upande.

"We Nazdar! Hayo yote unamlisha nani? Au umefungua duka?"

"Shughulika na gunia lako!"

"Langu limejaa zamani. Wewe unaanza la tatu. Ukianguka huko sikubebi mie. Nitakuviringisha kama mtungi mpaka mlangoni kwako."

"Niviringishe taratibu basi, nisimwage majani."

Besê alicheka, lakini hakuuliza tena. Kijiji kizima kilijua kwamba mle ndani kwa Nazdar mna mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni Rihan, mke wa marehemu kaka yake Nazdar. Katikati ya baridi alikutwa na saratani ya titi, akapasuliwa mjini Van, na jeraha lilipopona wakaanza kumpa dawa ya dripu, anakwenda, anapewa, anarudi kulala, akipata nafuu kidogo wakati umefika wa kwenda tena. Nazdar hakuolewa. Rihan aliletwa nyumbani humo bibi harusi, akamkuta wifi mtu mzima mwenye ulimi, wakagombana miaka kadhaa juu ya kiasi cha chumvi ya jibini. Baadaye Temo, yule kaka, alifariki, watoto wakatawanyika, wakabaki wao wawili. Wakaendelea kugombana juu ya chumvi, lakini sasa kwa raha, kwa sababu kama hakuna mtu wa kugombana naye juu ya chumvi, jibini lenyewe la nini?

Sasa haya mambo ya magunia matatu yalianzia kwa Zelal.

Zelal ni binti yake Rihan, anafanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu huko mjini. Mwezi wa nne alikuja kumwona mama yake, wakawa wamekaa wanakula, akawasimulia kazi wanayoifanya. Wanachukua majani ya mlimani, yale yale wanayokula watu, mendi, heliz, kitunguu saumu cha porini. Wanayachemsha kwenye chupa, mvuke unapita kwenye bomba la kioo, unapoa, na juu ya maji yanaelea mafuta. Mafuta kidogo mno, shehena nzima ya majani inatoa kiasi cha kulowesha kijiko. Mafuta hayo ndiyo yenye ile harufu. Wakayadondosha kwenye seli za saratani zinazofugwa ndani ya vyombo vya kioo.

"Zikapunguza kukua," Zelal alisema. "Nyingine zikafa."

Nazdar aliweka mkate chini. "Kwa mafuta ya mendi?"

"Ya mendi, ndiyo. Lakini nisikilize shangazi yangu. Hiyo ni ndani ya kioo. Kutoka kwenye kioo mpaka kwa mtu ni safari ndefu, na vitu vingi havifiki. Mama asinywe mafuta yoyote, wala chai ya majani, wakati yuko kwenye dripu. Daktari amekataza, vinaweza kupigana na dawa. Na jibini letu la maziwa mabichi asile mpaka atakapomaliza."

"Asile, asinywe," Nazdar alirudia. "Nimesikia."

Na kweli alisikia. Ila harufu hailiwi, wala hainywewi. Hilo hakuna aliyelikataza.

Basi alipofika nyumbani siku ile ya mlimani, alimwaga magunia sebuleni, akaanza kufunga mafungu. Mengine akayatundika kwenye boriti za dari, mengine kwenye misumari ya mapazia, mengine akayatandaza juu ya sanduku la harusi la Rihan. Sufuria akaliweka juu ya jiko la kuni, maji yakachemka na mendi ndani, mvuke ukajaa chumba mpaka vioo vya madirisha vikatoka jasho.

Rihan alikuwa kwenye godoro lake karibu na dirisha, kitambaa cheupe kimefungwa juu ya kichwa kisicho na nywele. Aliangalia dari.

"Wifi, umeuleta mlima wote ndani?"

"Wote."

"Hata mawe hukubakiza?"

"Mawe nitaleta kesho. Leo mgongo umekataa."

Rihan alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Siku hizo alikuwa akiziba mdomo mara kwa mara. Nazdar alidhani ni vile vidonda vya ulimi vinavyoletwa na dawa, kwamba anaona haya.

"Wewe mwenyewe jina lako mrehani," Nazdar alisema, akikoleza moto. "Utakuwa salama kati ya ndugu zako."

Lakini chakula kilikuwa hakipiti. Nazdar alimpikia supu ya kondoo, ikaganda mafuta kwenye bakuli. Akampikia mkate mwembamba kwenye tanuri la shimoni, akaupaka siagi, Rihan akamega kipande kama cha kumpa kuku. "Nitakula baadaye, wifi." Hiyo baadaye ilikuwa haifiki. Mbwa wa uani ndiye aliyeanza kung'aa manyoya.

"Mbwa ananenepa, wewe unakonda," Nazdar alimwambia. "Mmepatana nini nyie?"

"Yeye ana moyo mzuri. Hapendi kuona chakula kinatupwa."

Nazdar aliona kwamba harufu haijatosha. Akaleta gunia jingine. Na siku moja Besê alipomchukua Rihan wakaote jua kidogo nje, Nazdar alifumua mto wa kulalia wa Rihan, akachanganya sufu ya kondoo na mendi iliyokaushwa na kupondwapondwa, konzi kwa konzi, akaushona tena. Macho yake yalikuwa na ukungu. Sindano ikamchoma kidole, kisha kidole kingine. Uzi alichukua wowote uliomjia mkononi. Alipomaliza akaupigapiga mto ule kwa viganja, ukatoa pumzi, na hiyo pumzi yote ilikuwa mendi. Akaridhika. Kichwa cha mgonjwa kitalala humo humo ndani ya dawa, na hakuna amri ya daktari iliyovunjwa.

Siku ya dripu Zelal alikuja na gari kuwachukua. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Akampandisha Rihan kwenye mzani, akatazama, akamshusha, akampandisha tena kana kwamba mzani ndio uliokosea.

"Mama, umepungua tena. Umepungua sana," alisema. "Leo nitakupa dawa. Lakini mwili ukiendelea kuisha hivi, safari ijayo nitalazimika kuisimamisha, na sitaki kuisimamisha, kwa sababu inakufaa. Mna wiki tatu. Nataka mzani huu uniambie kitu kingine. Anakula nini nyumbani?"

"Kila kitu," Nazdar alisema haraka. "Hakuna ambacho simpikii."

"Chakula kipo, daktari," Rihan naye akasema. "Wifi yangu hana kosa."

Wakamlaza kwenye kiti kirefu, wakamtundikia chupa. Ilipofika saa ya chakula, nesi alipita na sinia. Kiazi cha kuchemsha kilichopoa, chumvi kidogo pembeni, na kipande cha mkate wa jana. Nazdar alikunja pua. Nyumbani kwake chakula kama hicho hata mgeni wa kupita asingewekewa.

Rihan alichukua kile kiazi. Akakichovya kwenye chumvi. Akala. Akala tena. Akakimaliza, akaokota mkate, akaula na wenyewe, mpaka chembe zilizoangukia kifuani akazidonoa kwa ncha ya kidole.

Nazdar alimtazama mpaka chembe ya mwisho. Kitu kilimwingia, na alipokichunguza akakuta ni wivu. Alikuwa akikionea wivu kiazi.

"Kitamu?" aliuliza.

"Wala," Rihan alisema, macho ameyafumba. "Hakina ladha kabisa. Hata harufu hakina."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesinzia. Lakini neno hilo lilipanda gari pamoja na Nazdar, likakaa naye kwenye kiti cha nyuma njia nzima, kando ya ziwa, na kupanda milima, mpaka uani kwao. Zelal alimsaidia mama yake kushuka. Na hapo mlangoni Nazdar akaona kitu ambacho kwa wiki kadhaa amekuwa akikitazama bila kukiona. Kabla ya kuvuka kizingiti, Rihan alisimama, akavuta pumzi ndefu ya nje, akaibana kifuani kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Ndipo akaingia.

Ile haikuwa haya ya vidonda vya ulimi. Nazdar alibaki uani ameshika mkoba wa mgonjwa.

Zelal alipokwisha kuondoka, alileta kigoda, akapanda, akaanza kuangua mafungu ya darini.

"Unafanya nini, wifi?" Rihan aliuliza.

"Nafagia."

"Unafagia dari?"

"Tangu lini naulizwa kwenye nyumba hii? Lala."

Alitoa yote. Ya kwenye misumari, ya juu ya sanduku, sufuria la mvuke. Akafua mapazia, akasugua boriti kwa maji ya moto na magadi. Magunia ya majani yakaenda kwa Besê.

"Na jibini je?" Besê aliuliza, mikono kiunoni.

"Mwaka huu tunatengenezea kwako."

"Kwangu mimi? Si wewe uliyesema jibini langu chokaa?"

"Nilisema chokaa nzuri. Pokea gunia, linaniua mgongo."

Hata yeye mwenyewe Nazdar alijitoa. Mwili wake ulikuwa umekunywa majani yale maisha yake yote, mpaka kwenye kucha. Akahamisha godoro lake, akalipeleka chumba cha akiba kwenye magunia ya unga, na kila akirudi kutoka kwa Besê aliosha mikono kwa majivu, akainusa, akaosha tena. Alimpikia Rihan viazi, mayai ya kuchemsha, tambi nyeupe, akavipoza kwanza uani, kisha akavipeleka na kuvisukuma kwa mkono ulionyooka, yeye akisimama mlangoni.

Rihan akaanza kula. Kidogo, lakini alikula, na mbwa akarudi kwenye hali yake ya zamani.

Mto, lakini, aliuacha.

Kila asubuhi alipotandika alikuwa akiushika, na kila asubuhi akaurudisha. Sebule nzima ameiosha, hicho kidogo tu kibaki. Zile seli zilikufa, si Zelal mwenyewe amesema? Basi usije ukawa mto huo ndio unaozishikilia za Rihan, naye aje autoe kwa mkono wake. Na kila asubuhi Rihan aliamka uso umevimba kwa kukosa usingizi, akatapika, akapoteza nusu ya kile alichokula jana.

Wiki ya tatu ilipokaribia Zelal alikuja tena. Walikaa uani, yeye na shangazi yake, wakimenya viazi juu ya karai.

"Zelal," Nazdar alianza, macho kwenye kisu. "Zile seli zenu za kwenye kioo. Mnazilisha nini?"

"Maji yake maalumu. Sukari, chumvichumvi."

"Hazikatai kula?"

Zelal alicheka. "Zitakataaje, shangazi? Seli haina mdomo. Haina tumbo la kutapika, haina pua. Haina hata wifi."

Kisha akaacha kucheka. Aliweka kiazi chini.

"Ndiyo maana kwenye kioo mambo ni mepesi. Unadhani mimi sijawaza? Ile chupa ya mafuta iko mbele yangu kila siku ya kazi. Kachupa kadogo hivi. Nakashika, nakarudisha. Mafuta yenyewe bado hata panya hatujampa, nami namuwazia mama yangu. Siku nyingine natoka nje nakaa kwenye ngazi mpaka wazo lipite."

Nazdar alimtazama. Kumbe na huyu naye anashika na kurudisha.

"Basi?" akauliza polepole.

"Basi najiambia kwamba mama ana dawa inayojulikana inafanya nini, na kazi yetu ni kumfikisha kwenye dawa hiyo akiwa na nguvu. Hayo mengine nitayaendea kazini. Huenda yatamfaa mtu siku moja. Mama leo anahitaji viazi."

Nazdar alisimama. Magoti yalilia, hakuyasikiliza. Akaingia ndani.

Rihan alikuwa amekaa kwenye godoro, mto ameupakata kama mtoto. Alikuwa akipitisha kidole juu ya mshono.

"Nipe huo," Nazdar alisema. "Nataka kuufua."

"Unataka kuufua, au kuufumua?"

Nazdar alinyoosha mkono auchukue.

"Wifi, foronya nyeupe umeishona kwa uzi mweusi," Rihan alisema. "Na hapa kuna tone la damu. Na hapa jingine. Nilijua siku ile ile niliporudi kuota jua."

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Mtu haoni hata nzi kwenye mtindi, kakaa kanishonea mto mzima, kajitoboa vidole. Nimwambie unanuka?"

"Ndiyo! Ungesema unanuka! Ulimi wako umeanza kunionea haya lini? Kwenye chumvi mbona hunyamazi!"

"Chumvi ni chumvi."

"Na dari nzima nayo? Nakutundikia majani, unacheka!"

"Ulikuwa umefurahi," Rihan alisema. "Tangu nipasuliwe sikuwa nimekuona umefurahi. Unashuka mlimani na gunia, mashavu mekundu kama msichana. Nikasema, acha nibane pumzi kidogo, naye apate kupumua."

Nazdar alikaa chini pale pale sakafuni, kwa kishindo. Akaficha uso ndani ya ncha za kitambaa chake.

"Naogopa kuutoa," alisema huko ndani. "Nikiutoa, nawe ukafa, nitasema ni mto."

Rihan aliupigapiga ule mto. Kisha akasema, "Na nikipona nao ukiwa hapa, utasema ni mto. Utatangaza mpaka ng'ambo ya ziwa. Watu watakuja kupanga foleni walalie mito yako. Mimi na uchungu wangu wote wa sindano, hakuna atakayenikumbuka."

Kitambaa cha Nazdar kilitikisika. Ikawa vigumu kujua analia au anacheka.

"Leta mkasi," Rihan alisema. "Tukate wote wawili. Hapo hautakuwa umetolewa na mtu mmoja."

Wakakata. Rihan alishika upande mmoja wa foronya, kichwa amekigeuzia dirishani, na Nazdar akafuata uzi mweusi kwa ncha ya mkasi, tundu kwa tundu, mpaka mto ukafunguka. Zelal alikuwa amesimama mlangoni na karai la viazi.

"Shangazi! Ndani ya mto?"

"Ulisema asile wala asinywe."

Zelal alitikisa kichwa. Akaweka karai chini, akaubeba mto mwenyewe, akautoa nje. Walipomwaga yale majani mbele ya kondoo, kondoo walinusa, wakageuka wakaenda zao.

"Unaona?" Rihan alisema dirishani. "Hata wao wamekataa."

Siku iliyofuata Rihan alilala hadi jua likapanda, na alipoamka akaomba yai.

Siku ya mzani ilipofika, Nazdar ndiye aliyemvua viatu, akavishika kifuani.

"Ningekutilia mawe mfukoni," alimnong'oneza.

"Si ulisema utayaleta kesho? Mpaka leo nayasubiri."

Daktari aliinama, akatazama. Safari hii hakumshusha na kumpandisha tena.

"Umeongezeka," alisema. "Si sana, lakini umeongezeka. Tunaendelea na dawa."

Nazdar alimshukuru, kisha akaushukuru na mzani, akaupigapiga kama mtu anavyompigapiga ng'ombe mwema.

Jibini la mwaka ule lilitengenezwa uani kwa Besê. Maziwa ya kondoo yaligandishwa, yakakamuliwa, yakakandwa na majani yaliyokatwakatwa, chumvi ikatiwa na Nazdar peke yake, kwa hiyo kila mtu akalalamika. Mitungi ya udongo ikashindiliwa mpaka juu. Ilibaki kuifunga kwa udongo na kuizika, kinywa kikitazama chini, ingoje mpaka majani ya miti yaanguke.

Katika nyumba ya Temo ilikuwa desturi kwamba mwanamke anayeufunga mtungi hubandika kiganja chake juu ya udongo mbichi, na wakati wa kuufukua ni mkono huo huo unaouvunja. Kwa miaka mingi ulikuwa mkono wa Rihan. Nazdar alimwachia hiyo heshima mwaka walipochoka kuigombania.

"Mwaka huu weka wa kwako," Besê alimwambia Nazdar. "Atafikaje hapa na harufu hii?"

Nazdar alitazama kiganja chake.

Na hapo Rihan akatokea kwenye kona ya ukuta, taratibu, ameshika fimbo ya Temo, pua na mdomo amevifunga kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Alisimama, akaangalia moshi wa tanuri unaelekea wapi, akazunguka akaja kwa upande unakotoka upepo.

"Sogezeni mtungi huku," alisema ndani ya kitambaa. "Upesi, nimebana pumzi."

Besê na Nazdar wakaukokota. Rihan aliinama, akabandika kiganja kwenye udongo mbichi, akakiacha hapo kwa uzito wake wote. Alipokiondoa wakatazama wote watatu. Vidole vilikuwa vyembamba, alama ndogo kama ya msichana.

"Umekonda huu mkono," Rihan alisema.

"Vuli utaupimia hapo hapo," Nazdar alisema. "Ole wako ukute alama bado inakutosha."

Wakauzika. Rihan alirudi nyumbani kwa miguu yake. Nazdar alibaki kufukia shimo, kisha akafanya kama kawaida yake, akaosha mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko, akabadili gauni, akapitia mlango wa nyuma aende zake chumba cha akiba.

"Wifi!" Rihan aliita kutoka sebuleni.

"Nini?"

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye unga wangu. Nanuka."

"Njoo hapa."

Alikwenda, akasimama mlangoni, mikono ameificha mgongoni. Rihan alikuwa amelala kwenye mto mpya wa sufu tupu. Akajisogeza, akaacha nafasi upande wa dirisha, dirisha lenyewe akalisukuma wazi.

"Wifi, siku zote hizi umenihama. Nalala naongea na ukuta."

"Si nilidhani..."

"Majani ndiyo nilishindwa nayo. Nilisema nimeshindwa nawe?"

Nazdar alivua viatu. Akakaa ukingoni mwa godoro kwanza, kisha akajilaza, ameinyoosha mikono yake mbali, nje ya ukingo, kama mtu aliyebeba kitu kinachodondoka. Rihan aliunyakua mmoja, akauvuta, akauleta karibu na uso. Akanusa kidogo, kwa hadhari.

"Mh," alisema.

"Nimekwambia."

"Unanuka majivu," Rihan alisema, akauweka ule mkono chini ya shavu lake, akafumba macho. "Na chumvi umezidisha tena, nimeionja kwa macho kutoka kule ukutani."

"Chumvi ilikuwa sawa."

"Ilizidi."

"Vuli tutaona," Nazdar alisema.

"Tutaona," alijibu Rihan, na sauti yake ilikuwa tayari imeanza kulala.